Usiiuze kwa kilo: namna ya kuitambua baiskeli ya gia iliyotupwa na kuirudisha barabarani

Ilikuwa imelala juu ya rundo la taka pale zinapokusanywa kusubiri gari, imepakwa rangi ya bluu ya mlango kwa brashi, mnyororo umegeuka kipande kimoja cha kutu. Kijana anayeokota chuma chakavu alishaishika, anataka kuipeleka kwenye mzani. Ilikuwa na kama kilo 14. Nikampa Sh12,000, zaidi kidogo ya ambacho angepata kwa mnunuzi wa skrepa, tukaachana kwa furaha.

Sikuichukua kwa ajili ya mapambo. Mpwa wangu ameingia kidato cha kwanza, shule iko kilomita 6 kutoka nyumbani, na kila asubuhi ni vita na makonda wasiotaka wanafunzi. Baiskeli nilizoulizia kwa wauza mitumba zilikuwa zinaanzia Sh180,000. Hiyo sikuwa nayo.

Wengi tukiona baiskeli ya namna hii tunaangalia kutu na rangi. Kumbe hivyo ndivyo vitu vyenye maana ndogo kuliko vyote. Kutu ya juu inatoka na rangi inapakwa. Maswali ya kuuliza kabla hujatoa hata senti ya spea ni mawili: hii ni baiskeli gani, na je, ina ufa?

Kabla ya hayo lipo jambo la ujirani. Baiskeli iliyotupwa inaweza kuwa imetupwa na mwizi aliyeshindwa kuiuza. Mimi nilipita kwa mjumbe, nikamwonyesha, nikapiga picha ya namba ya fremu mbele yake. Namba hiyo kwa kawaida imegongwa chini kabisa, kwenye bomba fupi linalopitisha ekseli ya pedeli. Igeuze baiskeli miguu juu, sugua na brashi ya waya, halafu paka vumbi la chaki ili tarakimu zijitokeze. Ukiwa na simu, washa tochi ikimulika kwa ubavu, siyo kwa juu. Utasoma hata ile iliyofutika.

Stika zinadanganya, vifaa havidanganyi sana

Mtaani baiskeli hubandikwa jina lolote. Nimeona fremu ya Kichina imeandikwa jina la kampuni kubwa ya Marekani kwa stika ya Sh1,000. Kwa hiyo usianze na jina. Anza na vyuma.

Baiskeli nyingi za gia zimefungwa vifaa vya Shimano, kampuni ya Japani. Kwa miaka mingi Shimano iligonga herufi mbili ndogo kwenye vifaa vyake, upande wa nyuma usioonekana: nyuma ya mkono wa pedeli, nyuma ya kibadilisha gia, nyuma ya mikono ya breki. Herufi ya kwanza ni mwaka, ya pili ni mwezi. Mwaka unaanza A kwa 1976, B kwa 1977, hivyo hivyo mpaka Z, yaani 2001. Kisha A inarudi tena kwa 2002. Mwezi ni A kwa Januari hadi L kwa Desemba.

Kwenye hii yangu, mkono wa pedeli ulikuwa na PC. Kibadilisha gia cha nyuma PD. P ni 1991, C ni Machi, D ni Aprili. Vifaa viwili vya mwezi mmoja na mwingine unaofuata vinakubaliana, maana yake vilifungwa pamoja kiwandani.

Lakini subiri, P si inaweza kuwa pia 2017? Inaweza. Hapo ndipo unahesabu meno ya nyuma. Yangu ina sproketi saba nyuma na tatu mbele, gia 21, na kwenye kibadilisha gia jina Deore DX bado linasomeka. Hilo ni kundi la vifaa ambalo Shimano iliuza mwanzoni mwa miaka ya 1990, ngazi moja chini ya Deore XT. Kwa hiyo ni 1991, hakuna ubishi.

Gurudumu la nyuma ndilo lililonichekesha. Habu yake ina VF, yaani Juni 1997. Kuna mtu huko alivunja gurudumu la kwanza akafunga jingine. Ndiyo maana usiamini kifaa kimoja. Tafuta angalau viwili vitatu vinavyosema jambo moja.

Breki nazo zinasaidia. Kama kila gurudumu lina mikono miwili mirefu imesimama wima na waya unaingia kwa ubavu, hizo ni breki zilizoenea kuanzia 1996. Kama mikono ni mifupi, imetanuka nje kama mabega, na waya mmoja unashuka katikati kuivuta yote miwili, huo ni mtindo wa zamani zaidi. Yangu ni hiyo ya mabega. Na ukikuta sproketi ya mbele haiko duara kamili, imekaa kama yai, usikimbilie nyundo! Shimano walizitengeneza hivyo makusudi katika miaka ya 1980 na mwanzoni mwa 1990, wakaziita Biopace.

Sasa fremu. Baada ya kusugua taratibu kwa msasa laini na maji, chini ya bluu ikatokea nyeupe, na juu ya nyeupe vipande vya maandishi: Cr-Mo. Hiyo ni alama ya chuma kilichochanganywa na kromiamu na molibdenamu, imara kuliko chuma cha kawaida cha baiskeli za dukani.

Hata bila maandishi kuna njia ya kujua. Chomoa nguzo ya siti usome namba iliyogongwa chini yake. Fremu nyingi za chuma za zamani zina bomba la siti lenye unene wa milimita 28.6 kwa nje. Nguzo yangu ni 26.8. Toa, gawa kwa mbili: ukuta wa bomba ni milimita 0.9. Kwenye baiskeli ya bei rahisi nguzo mara nyingi ni 25.4, na ukuta unakuwa 1.6. Bomba jembamba namna hiyo halitengenezwi kwa chuma dhaifu, lingekunjika. Kwa hiyo nguzo nene ni habari njema.

Kisha ikaja stika ndogo kwenye bomba la siti, imeandikwa Kijapani na namba. Nikafungua programu ya kutafsiri kwa kamera ya simu, ikasoma: usajili wa kuzuia wizi, polisi. Japani kila mwenye baiskeli anatakiwa kisheria kuisajili, tangu 1994. Baiskeli nyingi za mtumba zinazoshuka hapa kwenye makontena bado zina stika hiyo. Haina maana kwamba imeibwa. Inakuambia tu ilikotoka.

Herufi za bomba la chini zilichukua jioni nzima. M. I. Y. Halafu A na T. Miyata, kampuni ya Kijapani iliyoanza karne ya 19 kama kiwanda cha bunduki kabla ya kuhamia baiskeli. Si ajabu sana ukifikiria: anayejua kutengeneza mtutu anajua kutengeneza bomba. BSA ambazo wazee wetu walizipanda zilitoka pia kwa watengeneza silaha, wa Birmingham, Uingereza.

Baiskeli za milimani zilizaliwa jalalani

Hapa niseme kidogo, kwa sababu inahusiana. Hizi baiskeli hazikubuniwa na kampuni kubwa. Miaka ya 1970, kaskazini kidogo ya San Francisco, Marekani, vijana walikuwa wanakusanya baiskeli kuukuu za Schwinn za miaka ya 1930 na 1940, zile za matairi manene ambazo watu walishazitupa stoo. Walizipandisha Mlima Tamalpais na kushuka nazo kwa kasi kwenye barabara za vumbi. Breki yake ilikuwa ya kukanyaga pedeli kurudi nyuma. Kwenye mteremko mmoja habu ilipata moto mpaka grisi yote inaungua, ukifika chini lazima uifungue ujaze upya. Mashindano yao yaliyoanza 1976 yakaitwa Repack, yaani jaza tena.

Mwaka 1977 mmoja wao, Joe Breeze, akaanza kutengeneza fremu mpya kabisa kwa kazi hiyo. 1979 Gary Fisher na Charlie Kelly wakafungua biashara. 1981 kampuni ya Specialized ikatoa Stumpjumper, iliyotengenezwa kwa wingi Japani. Miaka kumi tu baadaye Miyata wanaunda hii yangu.

Ufa

Nikamaliza utambuzi nikiwa na furaha sana. Nikajua nina fremu nzuri kuliko nyingi zinazouzwa mpya. Hapo ndipo watu wengi tunakosea: ukishaipenda baiskeli huoni tena ubaya wake.

Sehemu za kukagua ni hizi. Nyuma tu ya shingo, upande wa chini wa bomba la chini: kama baiskeli iligonga kitu kwa mbele, utahisi mkunjo kwa kidole hata kama rangi imefunika. Kuzunguka ekseli ya pedeli. Mahali ekseli ya gurudumu la nyuma inapokaa. Halafu funga uzi kutoka pale gurudumu la nyuma linapokaa upande wa kulia, upitishe mbele ya shingo, urudi upande wa kushoto. Pima umbali wa uzi hadi bomba la siti kila upande. Tofauti ikizidi milimita 2, fremu imepinda.

Yangu ilikuwa na tofauti ya milimita 1. Nikashangilia.

Kisha nikatoa foku, yaani uma wa mbele. Lile bomba linaloingia shingoni lilikuwa na mstari mwembamba wa kutu, chini kabisa, linapokutana na mabega ya foku. Unaweza kusema ni mkwaruzo tu. Ukitaka kujua, fanya kama mafundi wa zamani: safisha, paka mafuta ya taa, acha robo saa, futa kabisa mpaka pakauke, kisha pakaa vumbi la chaki nyeupe. Mkwaruzo hautafanya kitu. Ufa utayatema mafuta uliyoyanywa, na mstari utachorwa juu ya chaki.

Ulichorwa. Karibu theluthi moja ya mzunguko wa bomba.

Nikampelekea fundi wa kuchomelea, akacheka. "Elfu tano tu kaka, dakika kumi umeshapanda." Nia yake ilikuwa njema, na fremu za chuma kweli huchomelewa zikadumu. Lakini foku ni kitu kingine. Bomba lile linabeba uzito wote wa mpandaji kila anapokamata breki. Ni jembamba, na ule moto wa kuchomelea huacha chuma cha pembeni kikiwa kimebadilika tabia. Fremu ikipasuka mara nyingi inalegea kwanza, inalia, unasikia. Foku ikikatika pale shingoni haikupi taarifa. Usukani unabaki mkononi, na wewe unakwenda na uso. Nilimfikiria dogo akishuka mteremko wa kuelekea shule, magari nyuma yake, nikaikata foku vipande viwili kwa msumeno asije mtu akaiokota. Ile ndiyo iliyokwenda kwenye mzani.

Kupata nyingine kulinichukua wiki mbili. Foku ya Phoenix haifai, kwa sababu ni ya gurudumu la inchi 28 na haina vile vishikio vya breki za pembeni. Unatakiwa kupima vitu vitatu: unene wa bomba la shingoni (langu inchi 1, yaani milimita 25.4), urefu wa bomba hilo, na urefu kutoka ekseli hadi mabegani. Nilienda nayo kwenye karatasi, na kwa muuza mitumba mmoja nikaipata kwa Sh20,000. Tuliikagua kwa mafuta ya taa na chaki palepale, yeye mwenyewe anashangaa.

Kazi yenyewe

Kufungua ndiko kunakokera. Kumbuka mawili: pedeli ya kushoto hufunguka kinyume, unazungusha kuelekea inakoelekea mishale ya saa. Na kikombe cha ekseli ya pedeli upande wa mnyororo nacho ni hivyo hivyo. Watu wameharibu fremu nzuri kwa kutojua hilo, wakidhani imeganda wakaongeza nguvu.

Nguzo ya siti ikiganda, usiigonge. Nguzo ni aluminiamu, fremu ni chuma, vikikaa pamoja na unyevu miaka mingi vinashikana kama vimegundishwa. Geuza fremu, mimina mafuta ya kulegeza kutu kupitia tundu la chini, acha siku tatu ukiongeza. Kisha bana kichwa cha nguzo kwenye jiriwa na uzungushe fremu nzima kama usukani wa meli. Yangu ilitoka siku ya nne kwa mlio uliowaamsha majirani. Wapo wanaomwaga kostiki kuyeyusha aluminiamu. Inayeyusha kweli, na macho pia.

Gololi zote za zamani nilitupa. Ni bei ndogo, na hizo ndizo zinazofanya baiskeli iteleze. Habu ya mbele ilichukua 10 kila upande za inchi 3/16, ya nyuma 9 kila upande za inchi 1/4, ekseli ya pedeli 11 kila upande za 1/4. Osha vikombe kwa mafuta ya taa, kausha, jaza grisi mpya, kaza mpaka gurudumu lisicheze lakini lizunguke bila kukwaruza. Kukaza huku ndiko kunataka mkono. Mara ya kwanza nilikosea.

Mnyororo pima kwa futi kamba. Viungo 12 kamili, kutoka pini hadi pini, vinatakiwa viwe inchi 12. Vikifika 12 na 1/8, umekwisha, na pengine umekula na sproketi. Wangu sikupima, ulikuwa fimbo.

Matairi yana mtego ambao umewala watu wengi Kariakoo. Inchi 26 siyo zote sawa! Tairi la baiskeli ya milimani la 26 x 1.95 linakaa kwenye rimu ya milimita 559. Tairi la 26 x 1 3/8, la zile baiskeli nyembamba, ni la rimu ya 590. Halitakaa hata ulie. Soma namba ndogo pembeni ya tairi, utafute 559 mwishoni. Ukiipata hiyo, unene wowote unaoingia kwenye foku ni sawa.

Kutu ya sehemu zinazong'aa niliitoa kwa kipande cha karatasi ya aluminiamu ya kufungia chakula, nimekilowesha maji, nasugua. Inatoka kama uchawi. Rangi sikugusa zaidi ya pale nilipokwaruza: nilipaka ya kuzuia kutu, basi. Ndani ya mabomba nilimimina oili chakavu kidogo, nikaizungushazungusha fremu ienee.

Hesabu yangu: baiskeli Sh12,000, foku 20,000, matairi mawili 30,000, tyubu 10,000, mnyororo 10,000, waya na raba za breki 12,000, gololi na grisi 8,000. Jumla Sh102,000, na wikiendi nne. Ingekuwa fremu ndiyo yenye ule ufa, ningeishia kwenye hiyo 12,000 ya kwanza na kuuza vifaa vya Deore kimoja kimoja.

Dogo anaiendesha wiki ya tatu sasa. Anataka tuipake nyekundu, nimemwambia asubiri. Jumamosi hii inarudi kwangu, kwa sababu waya mpya wa breki hulegea wiki za mwanzo, na boliti za mikono ya pedeli zinataka kukazwa tena baada ya safari chache. Mafuta ya taa na chaki viko kibarazani.